Gombo la Vituo: Jinsi Mabango ya Treni za New York Yanavyotaja Umri Wao

Gombo la kitambaa lililowahi kukaa ndani ya behewa la treni ya chini ya ardhi ya New York ni hati ya historia isiyo na tarehe. Lina majina ya vituo tu, moja chini ya jingine, herufi nyeupe juu ya weusi. Aliyelitengeneza hakuona haja ya kuandika mwaka, kwa kuwa abiria aliyesimama kituoni alitaka kujua jambo moja: treni hii yaelekea wapi? Hata hivyo, mtu aliyezisoma vizuri reli hizo anaweza kulikunjua lote, akapitia majina yaliyomo, akatafuta yaliyokosekana, kisha akataja umri wake kwa kukosea miaka michache tu. Siri yake ni kwamba vituo vya mwisho havidumu. Hufunguliwa, hupewa majina mapya na hufungwa, na tarehe za matukio hayo zinajulikana.

Muundo wa bango lenyewe ni rahisi. Kitambaa kimeviringishwa kwenye rola mbili, moja juu na moja chini, ndani ya kisanduku chenye kioo. Nyuma yake kuna taa, na herufi hupitisha mwanga. Treni ikimaliza safari, mfanyakazi anazungusha mkono wa chuma mpaka jina linalotakiwa lisimame katikati ya kioo. Behewa moja huwa na visanduku kadhaa, vya ubavuni na vya mbele, na kila kimoja kina gombo la upana wake. Jambo la kushika hapa ni kwamba gombo halibebi jina la safari ya siku hiyo peke yake. Linabeba kila mahali ambapo behewa la aina hiyo lingeweza kutumwa. Kwa sababu hiyo kila gombo ni orodha ya mtandao mzima, au sehemu yake kubwa, kama ulivyokuwa siku lilipochapishwa.

Kampuni mbili na jiji moja

Treni ya kwanza ya chini ya ardhi ya New York ilianza kubeba abiria tarehe 27 Oktoba 1904, chini ya kampuni ya Interborough Rapid Transit, ambayo watu waliifupisha kuwa IRT. Upande wa Brooklyn kulikuwa na kampuni nyingine, Brooklyn Rapid Transit. Hiyo ilifilisika baada ya ajali mbaya ya Malbone Street ya tarehe 1 Novemba 1918, iliyoua watu wasiopungua 93, na mwaka 1923 ikazaliwa upya kwa jina la BMT. Katika miaka hiyo mabehewa mengi hayakuwa na magombo. Yalitumia vibati vilivyoandikwa jina la njia na kupachikwa dirishani, pamoja na taa za rangi juu ya paji la treni ambazo wafanyakazi na abiria wazoefu walizitambua kwa mbali. Ndiyo maana anayedai kuwa na gombo la kitambaa la treni ya IRT ya mwaka 1904 anapaswa kuulizwa maswali.

BMT ndiyo iliyoanza kuzipa njia zake namba, mwaka 1924. Brighton ilikuwa 1, West End ilikuwa 3, Sea Beach ilikuwa 4, na orodha iliendelea hadi 16, njia ya Canarsie. Mabehewa mapya yaliyoitwa Triplex, yaliyoanza kuonekana 1925, yalizionyesha namba hizo kwenye mabango yake. Kipengele hiki huwapoteza watu wengi leo, kwa kuwa mwaka 1948, mabehewa ya R12 yalipoingia, njia za IRT nazo zilianza kuonyeshwa kwa namba kuanzia 1. Kwa hiyo New York ilikuwa na namba 1 mbili. Gombo lenye 1 karibu na Brighton Beach ni la BMT. Lenye 1 karibu na South Ferry na Van Cortlandt Park ni la IRT, na si la kabla ya 1948. Namba pekee haithibitishi kitu, mpaka isomwe pamoja na majirani zake.

Jiji lenyewe liliingia katika biashara ya reli mwaka 1932. Mfumo wake uliitwa Independent, yaani usiotegemea kampuni hizo mbili, na kifupi chake kikawa IND. Mwezi Juni 1940 jiji likazinunua IRT na BMT, na mifumo yote mitatu ikawa chini ya mwenye mali mmoja. Lakini umiliki mmoja haukuleta lugha moja ya mabango. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata, IND iliendelea na herufi, IRT ikachukua namba, na BMT ikabaki na majina na namba zake za zamani. Anayelitambua gombo huanza hapo: ni la familia ipi kati ya hizo tatu?

Herufi za IND na ngazi ya Queens

Njia ya kwanza ya IND, ile ya Eighth Avenue, ilifunguliwa tarehe 10 Septemba 1932, kati ya 207th Street na Chambers Street. Utaratibu wa herufi ulikuwa na mantiki nzuri. A ilikuwa Washington Heights kupitia Eighth Avenue, B Washington Heights kupitia Sixth Avenue, C na D zilikuwa za Concourse huko Bronx, E na F za Queens, G ya kuunganisha Brooklyn na Queens, H ya Fulton Street. Herufi moja ilimaanisha treni ya haraka inayoruka vituo. Herufi mbili, kama AA au CC, zilimaanisha treni inayosimama kila kituo.

Njia ya Queens ni ngazi ambayo kila kipandio chake kina tarehe. E ilipoanza, tarehe 19 Agosti 1933, iliishia Roosevelt Avenue. Tarehe 31 Desemba 1936 ikafika Union Turnpike. Tarehe 24 Aprili 1937 ikafika 169th Street, na huko ndiko njia hiyo ilikokomea hadi Desemba 1950, kilipofunguliwa kituo cha 179th Street. Tarehe 11 Desemba 1988 ikafunguliwa njia ya Archer Avenue, na E ikaanza kwenda Jamaica Center. Gombo lenye 169th Street lakini lisilo na 179th Street limejitia lenyewe ndani ya uzio wa miaka 13, kuanzia 1937 hadi 1950. Aliyelishika hajahitaji kuuliza mtu wala kufungua faili la ofisi yoyote.

Kuna vipandio vingine upande wa Brooklyn. Reli ya Fulton Street ilifika Rockaway Avenue tarehe 9 Aprili 1936, Broadway–East New York tarehe 30 Desemba 1946, na Euclid Avenue tarehe 28 Novemba 1948. Tarehe 29 Aprili 1956 treni ya A ikaendelea hadi Lefferts Boulevard, juu ya reli ya nguzo iliyokuwa mali ya BMT, na tarehe 28 Juni mwaka huohuo ikafika pwani ya Rockaway. Soma ngazi hizo mbili kwa pamoja, na uzio wa miaka 13 unapungua. Gombo lenye 169th Street na Euclid Avenue, lisilo na 179th Street, ni la kati ya mwisho wa 1948 na mwisho wa 1950.

Magombo ya Fulton Street yana pia jina dogo la thamani kubwa: Court Street, likiambatana na HH. Kituo hicho kilifunguliwa Aprili 1936 na kikafungwa tarehe 1 Juni 1946, kwa kuwa abiria walikuwa wachache mno. Katika historia yake yote kilihudumia watu kwa miaka 10 tu. Leo ndani yake mna New York Transit Museum, iliyofunguliwa tarehe 4 Julai 1976, na kwenye reli zake yamepangwa mabehewa ya kale yakiwa na mabango yake. Anayetaka kulinganisha gombo lake na lile la behewa halisi aende huko.

Jina liko, treni haijafika

Hapa inahitajika tahadhari. Tarehe ya kufunguliwa kituo inatuambia lini jina lilianza kuwa na treni, si lini lilichapishwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wachapaji wa mabango waliishi kwa kanuni hiyo. Mabehewa ya R1, ya kwanza kabisa ya IND, yalianza kutolewa kiwandani 1930, miaka miwili kabla ya reli yake kufunguliwa, na mpango wa herufi ulikuwa umeshawekewa njia ambazo hazijajengwa. Njia ya Sixth Avenue, iliyozipa uhai D na F, haikufunguliwa hadi tarehe 15 Desemba 1940. Kuikuta F kwenye gombo, basi, hakutoshi kusema gombo ni la baada ya 1940.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa BMT. Wengi huamini kwamba njia za BMT zilipata herufi Novemba 1967, kwa sababu ndipo ramani na vibao vya vituoni vilipozitangaza kwa watu wote. Lakini mabehewa ya R27, yaliyoanza kazi mwaka 1960, yalikuja tayari na herufi hizo kwenye mabango yake. QT, treni ya Brighton iliyopita kwenye handaki, na QB, iliyopita darajani, zilionekana mitaani miaka 7 kabla ya ramani kuzikubali. QT ikaondolewa 1967. Mtu akisema gombo lenye QT ni la 1967 au baadaye, amelipindua: ni la miaka ile ya kati, 1960 hadi 1967, au limenakili orodha ya wakati huo.

Kwa hiyo kanuni za kupanga umri ni mbili, na hazina uzito sawa. Jina jipya kuliko yote linaonyesha gombo halitangulii mpango wa kituo hicho. Jina lililokosekana, ambalo behewa la aina hiyo lisingeweza kufanya kazi bila hilo, linaonyesha gombo ni la kabla ya hapo. Ya pili ina nguvu zaidi. Mchapaji aliweza kutabiri njia ya kesho, lakini hakuwa na sababu ya kukiacha kituo ambacho treni zilikwenda kila siku.

Novemba 1967

Tarehe 26 Novemba 1967 ni mpaka mkubwa kuliko yote katika historia ya mabango haya. Siku hiyo ilifunguliwa reli fupi ya Chrystie Street huko Manhattan, iliyounganisha IND na daraja la Manhattan, na kupitia hapo na reli za BMT za Brooklyn. Njia nyingi zilihamishwa kwa mkupuo mmoja. D imebeba alama za mipaka miwili, 1954 na 1967. Kuanzia Oktoba 1954 ilikwenda Coney Island kwa reli ya Culver. Kuanzia Novemba 1967 ilikwenda Coney Island ileile kwa reli ya Brighton, na Culver ikaachiwa F. Maneno "D" na "Coney Island" yanakuambia tu kwamba ni baada ya 1954. Ni lazima uangalie njia iliyotajwa kati yake ndipo ujue uko upande gani wa 1967.

Baada ya mpaka huo zikafuata herufi za muda mfupi, ambazo kwa mtafiti ni dhahabu. NX ilianza Novemba 1967 na kufutwa Aprili 1968. EE iliishi hadi 1976. KK ilianza Julai 1968, ikapunguzwa kuwa K mwaka 1973, na ikafa 1976. Kisha K ikarudi tena 1985, safari hii ikiwa jina jipya la iliyokuwa AA ya Eighth Avenue, na ikaondoka moja kwa moja Desemba 1988. K ya kwanza iko pamoja na Eastern Parkway ya Brooklyn. K ya pili iko pamoja na 168th Street na World Trade Center. K ni ndugu ya zile namba 1 mbili: alama ileile kwa njia mbili tofauti.

Upande wa IRT mipaka ni michache lakini iko wazi. Treni ya 3 ilihamia kwenye kituo chake kipya cha 148th Street Mei 1968. Kabla ya hapo iliishia 145th Street. Namba 8, iliyokuwa ya reli ya nguzo ya Third Avenue huko Bronx, ilifutwa tarehe 29 Aprili 1973 na reli yenyewe ikabomolewa. Namba 9 iliyokuja kushirikiana na treni ya 1 ilidumu kuanzia Agosti 1989 hadi Mei 2005.

Majina ya maonyesho yana mtego wake. "World's Fair" linaweza kuwa la maonyesho ya 1939 na 1940, ambayo IND iliyajengea reli ya muda iliyofungwa Oktoba 1940, au la maonyesho ya 1964 na 1965, wakati treni ya 7 ilipopewa mabehewa mapya ya rangi ya buluu. Herufi za IND zilizo jirani zinaelekeza kwenye la kwanza, na namba 7 inaelekeza kwenye la pili. Vivyo hivyo jina Hudson Terminal, lililokuwa mwisho wa E tangu enzi za mwanzo, lilitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1970, majengo ya kituo hicho yalipobomolewa na World Trade Center kuchukua eneo lake.

Rangi, herufi na kitambaa

Orodha ya majina ikishindwa kukata shauri, umbo la gombo husaidia. Magombo ya zamani ni ya kitambaa kizito, na rangi yake hupasuka vipande vidogo mahali kilipokunjwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 plastiki nyembamba ya aina ya Mylar ilichukua nafasi ya kitambaa. Mylar yenyewe ni bidhaa ya miaka ya 1950, kwa hiyo gombo la plastiki haliwezi kuwa la treni ya miaka ya 1930, liwe limechakaa vipi.

Rangi nazo zina tarehe. Mwaka 1967 kila njia ilipewa rangi yake, na mabehewa ya R40 ya 1968 yakaja na mabango ya rangi. Mwaka 1979, kwa ramani iliyochorwa na ofisi ya Michael Hertz, mpango ukageuzwa: njia zote zinazopita barabara kuu moja ya Manhattan zikapewa rangi moja. RR ya kijani ikawa ya njano, F ya zambarau nyekundu ikawa ya machungwa pamoja na B na D. Mei 1985 herufi mbilimbili zikafutwa, RR ikawa R na GG ikawa G. Kwa hiyo RR ya njano ina dirisha la miaka 6 pekee, 1979 hadi 1985. Picha ya ndege iliyoambatana na JFK ni ya treni ya uwanja wa ndege iliyoanza Septemba 1978 na kukoma Aprili 1990.

Mtindo wa herufi husemesha pia. Mwaka 1966 jiji liliiajiri Unimark, ofisi ya wasanifu Massimo Vignelli na Bob Noorda, na mwaka 1970 wakatoa mwongozo uliozilazimisha alama za vituoni kutumia herufi zinazoitwa Standard. Helvetica, ambayo watu wengi huihusisha na treni za New York, ilikuja kuwa rasmi mwaka 1989 tu, na herufi zenyewe hazikuwapo duniani kabla ya 1957. Bango la Helvetica linalouzwa kama la miaka ya vita ni la kutengenezwa.

Mapambo ya aina hiyo ni mengi madukani. Huchapishwa kwenye turubai, majina yamepangwa kwa kuvutia macho, na mara nyingi yanakusanya njia ambazo hazikuwahi kuishi wakati mmoja. Gombo halisi huonyesha kazi lililofanya: lina alama za mahali liliposhikwa na rola, limepauka pale jina lililotumika sana lilipokaa kwenye kioo, na aghalabu lina kiraka, ambapo karakana ilikata jina lililokufa na kuunganisha jipya. Kiraka hakiharibu thamani ya gombo. Kinakupa tarehe mbili badala ya moja, ya kuzaliwa kwake na ya siku jiji lilipobadilisha nia.

Lisikatwe

Mabehewa yalipostaafu, mengi hayakwenda makumbusho. Kuanzia 2001 mamia kwa mamia ya mabehewa yalivuliwa vifaa na kuzamishwa baharini pwani ya mashariki ya Marekani, yawe makazi ya samaki. Mabehewa mapya ya R142, yaliyoanza kazi mwaka 2000, yalikuja na mabango ya taa za kielektroniki. R32, yaliyoingia 1964, yalifanya safari ya mwisho Januari 2022 yakiwa bado na magombo. Mabehewa ya aina za R62 na R68 yanaendelea kuyatumia, na yakiondoka, kazi ya kuzungusha rola kwenye treni hizo itakuwa imekwisha.

Kinachobaki kiko mikononi mwa watu binafsi, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Gombo zima ni refu, haliingii kwenye ukuta wa sebule. Wauzaji hulikata: Coney Island kwenye fremu moja, Times Square kwenye nyingine, na yale majina yasiyojulikana nje ya jiji yanatupwa. Kila kipande kinauzwa ghali kuliko sehemu yake katika gombo zima, lakini kila mkato unaua ushahidi. Coney Island pekee ingeweza kuwa ya 1954 au ya 1994. Ilikuwa na mwaka pale tu ilipokaa pamoja na majina mengine, likiwamo lile la kituo kidogo ambacho mnunuzi hakukitaka.

Hayo majina madogo ndiyo yaliyobeba maisha ya watu. 169th Street ilikuwa mwisho wa safari ya kila jioni kwa familia zilizohamia Queens. Gun Hill Road ya namba 8 ilikuwa njia ya kazini kwa watu wa Bronx ambao jiji liliwaondolea reli. Hakuna jumba la kumbukumbu lililowasikiliza mmoja mmoja, lakini orodha ya vituo vyao ilichapishwa, ikazungushwa kila siku, ikashonwa viraka njia zao zilipobadilika. Kwa hiyo aliyebahatika kupata gombo zima na alikunjue taratibu sakafuni, alipige picha kutoka mwanzo hadi mwisho, aandike kila jina kwa mpangilio wake, na upana wake, na mahali palipounganishwa. Akitaka kuliuza, aliuze zima. Orodha iliyokamilika inaweza kusomwa upya na kila atakayekuja akijua zaidi yetu.